Spika Alizofunga Baba Mwenyewe

4 Februari

Mdogo wangu,

Baba alisema Jumapili mezani kwamba amekutengenezea spika za gari. Alisema huku anamenya chungwa, bila kuniangalia. Tangu siku ulipobamiza geti na kuondoka hajawahi kukutaja kwa mdomo wake, kwa hiyo nimeona nianze na hilo, salamu zifuate.

Sisi hatujambo. Shangazi goti limetulia, mdomo bado. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele na anadai hawezi kwenda shule mpaka yaote. Fundi cherehani wa jirani amehama, chumba chake kimechukuliwa na kinyozi anayepiga muziki kutwa kwa spika iliyopasuka koni. Inakwaruza mpaka meno yananiuma. Nimeshamwambia nitamtengenezea bure ili nipate amani. Ajabu ni kwamba Baba hajalalamika hata siku moja.

Sasa hizo spika. Ni jozi ya milangoni, twita zake mbili za sauti kali na visanduku viwili vya kugawa sauti, kimoja kila upande. Koni amezikata kwenye ile karatasi nzito ya zamani, akazipaka vanishi nyembamba, akaacha zikauke, akapaka tena. Koili amezungusha kwa mkono. Kuiweka koili katikati ya mwanya wa sumaku alitumia vipande vya filamu ya picha kama alivyotufundisha, na gundi ilipokauka akavichomoa, akanipa koni niisukume kwa vidole. Haikugusa popote. Mikono yake ni ileile.

Twita na visanduku alifanya peke yake. Alikaa navyo na diski yake ya funguo. Nadhani hujaisahau: mlio wa funguo alizozitikisa mwenyewe mbele ya maikrofoni, na ile sheria yake kwamba twita haijakaa sawa mpaka uweze kusikia kila ufunguo peke yake. Aliporidhika akaweka nukta nyekundu kwenye vifuniko, akafunga boksi kwa mkono wake, akaandika anwani yako. Mimi sikuzigusa.

Anataka umjibu jambo moja: zinaimba?

Jibu kwa barua. Usipige simu. Simu iko sebuleni, na siku hizi nikishaiweka chini Baba ananidai kila neno lililosemwa.

Dada yako

2 Machi

Dada, shikamoo.

Boksi limefika salama na mimi ni mzima. Nimehama chumba. Cha zamani hakikuwa na dirisha, hiki kina dirisha linalotazama ukuta, nami nahesabu hayo ni maendeleo. Mpe Shangazi pole ya goti na umwambie mdomo uendelee. Mwambie mpwa wangu kwamba hata mimi nilikwenda shule bila meno.

Kiwandani wamenitoa idara ya gundi, wamenipeleka chumba cha vipimo. Ni chumba kilichovikwa sponji pande zote, sakafu yake ni wavu. Ukipiga makofi humo mlio unakufa mikononi. Spika inawekwa mbele ya maikrofoni, mashine inapandisha mlio kutoka mzito kwenda mkali, halafu karatasi inatoka na mstari. Ukiwa mstari umenyooka, spika ni nzuri. Ndiyo mashine iliyotugombanisha mimi na Baba. Nilisema mstari haudanganyi, naye akasema kama naupenda kuliko sikio la mtu niende nikaishi nao. Nimekwenda, naishi nao.

Spika za mlangoni ni nzuri sana. Msimamizi wangu si mtu wa kusifu, lakini aliigeuza moja mara kadhaa akauliza imetoka kiwanda gani. Nikasema imetoka kwa baba yangu.

Kisha tukapima twita. Ya kushoto inapiga juu kuliko ya kulia kwa desibeli sita, na hiyo ya kulia yenyewe imezidi. Nikafungua visanduku. Cha kulia kina rizista ndogo mno, kwa hiyo haiizuii twita isipige kelele juu ya spika kubwa. Cha kushoto hakina rizista kabisa. Mahali pake pana kipande cha waya, kimelehemiwa safi, na anayeona anajua ni makusudi. Msimamizi akatazama mstari akasema, "Aliyezisikiliza hizi ni kiziwi." Chumba kizima kikacheka.

Nani alifunga visanduku? Kama ni wewe, kwa haraka, sema tu, hakuna ubaya. Kama ni Baba, basi ananiambia nini? Anajua fika kwamba nitazipima. Nimelifikiria wiki nzima na kila mara nafika palepale, kwamba ni tusi. Ameniletea mstari mbovu kwa makusudi nijionee ninachoishi nacho.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo wote. Mtoto amekubali kwenda shule baada ya kugundua kwamba darasa zima ni vibogoyo. Bomba la uani lilipasuka, tukachota maji kwa kinyozi, nami kwa kumshukuru nikambandikia koni mpya. Sasa muziki wake unasikika vizuri zaidi, yaani nimejitafutia balaa mwenyewe.

Baba si mtu wa kutukana kwa posta. Akitaka kukutukana atangoja urudi akutukane ana kwa ana, apate raha yake.

Visanduku alifunga yeye. Alikuwa amechoka, na mtu akichoka hukosea.

Kila asubuhi anatoka kumwuliza mleta barua. Mleta barua siku hizi anapita ng'ambo ya barabara ili asimvunje moyo mzee wa watu. Mwandikie kwamba zinaimba. Neno hilo moja linatosha. Usimtajie mstari wala desibeli.

Mengine usiniulize, tafadhali.

Dada yako

9 Aprili

Dada, shikamoo.

Natumaini bomba limetengemaa. Mimi sijambo, ila kikohozi kidogo.

Nilikuuliza maswali, umenijibu kuhusu kinyozi. Kwa hiyo nimekaa nikasoma barua zako zote mbili upya. Kinyozi anapiga spika iliyopasuka, Baba halalamiki. Simu ikilia, Baba anataka umrudie maneno. Twita ya kushoto imepandishwa kuliko ya kulia. Nakuuliza moja kwa moja: Baba anasikia?

Jambo jingine sikukuandikia. Msimamizi aliposema lile neno na watu wakacheka, na mimi nilicheka. Nilikuwa nimesimama karibu naye.

Barua ya Baba nimeituma jana, kwa jina lake. Sikuweza kuishia kwenye neno moja. Nimemwandikia kurasa mbili. Nimesema nilizipima na mashine imezikubali, na kwamba baada ya ugomvi wote ule sikio lake na mstari wangu vimekutana. Nilitaka alisome hilo kutoka kwangu. Tangu nije huku sijawahi kulala vizuri kama usiku wa jana.

Nijibu kuhusu masikio.

Mdogo wako

30 Juni

Mdogo wangu,

Shangazi mzima, mtoto mzima, meno yameanza kuchomoza. Nimechelewa kwa sababu kila nilipoanza barua hii ilianza kwa kukulaumu, nikaichana. Hii nimejikaza.

Hasikii. Sauti nzito anazipata. Maneno ya watu anayapata nusu, nusu nyingine anaisoma mdomoni. Sauti kali zimekwisha, na sikio la kushoto limetangulia. Hajawahi kuniambia, nami sikumwuliza. Nilianza kujua siku alipoacha birika likipiga mluzi jikoni mpaka maji yakakauka, naye ameketi hatua chache kutoka hapo anasoma gazeti.

Huu ni mwaka wa pili. Akishamaliza jozi, akaweka nukta nyekundu na kwenda kuoga, mimi nafungua visanduku, naweka rizista inayotakiwa, nafunga. Mteja anaondoka anafurahi. Jina la Baba limebaki safi mjini na yeye amebaki na kazi yake. Za kwako tu ndizo sikuwahi, maana alizifunga kwenye boksi hapohapo.

Barua yako aliisoma amesimama, halafu akaketi akaisoma tena, akaibandika ukutani juu ya benchi. Shangazi alipokuja alimshika mkono kumpeleka aione. Akasema, "Mashine imekubali. Basi hiki ndicho kipimo." Tangu siku hiyo kila jozi aliifanya kama yako: kulia rizista ndogo, kushoto waya. Na kwa kuwa kipimo sasa kimethibitishwa na mtu wa kiwandani, akaanza kumimina gundi ngumu ndani ya visanduku mtu asije akavichezea. Ikikauka ile huwezi kufungua bila patasi. Nikakosa pa kuingilia. Magari yakawa yanatoka hivyohivyo, na mimi nayaangalia.

Wa kwanza kurudi ni yule dereva wa teksi tunayemwita Redio kwa vile hanyamazi.

"Mzee," akasema, "abiria wangu wameanza kuniomba pamba."

"Wanaomba nini?"

"Pamba. Ya masikio. Hizi zinachoma."

"Umezoea spika mbovu," Baba akamwambia. "Kipimo hicho kimetoka kiwandani. Kijana wangu ndiye anayepima. Nenda ukazoee."

Redio akanitazama. Nikainamia kazi.

Wakaja wengine. Baba aliniambia nazungusha koili vibaya, akazizungusha upya zote mwenyewe. Halafu akasema tatizo ni milango ya magari yenyewe, haijazibwa, akanifanya nizibe kila tundu kwa vipande vya mpira. Nikaziba. Ningesema nini? Barua ilikuwa ukutani.

Jumatano iliyopita tulikuwa na gari la mwalimu mmoja wa sekondari. Nilifunga spika za milangoni, nikaweka twita mahali pake, nyaya zake nikaziacha zinaning'inia chini ya dashibodi ili nikirudi niziunganishe. Nikaenda kumchukua mtoto shule. Baba hakungoja. Niliporudi alikuwa ndani ya gari na diski ya funguo, vifuniko vimeshawekwa nukta, rangi bado mbichi. Redio alikuwa ameegemea mlango, amekuja kulalamika mara ya pili.

"Mzee, hii umepatia," Redio akamwambia. "Hii haichomi hata kidogo."

"Si nilikwambia ni kuzoea?"

"Lakini hizo funguo zenyewe mbona hazipo?"

"Unasemaje?"

"Funguo. Mimi sizisikii."

Nilikuwa nimesimama na begi la mtoto mkononi. Nilimwona Baba akiangalia mdomo wa Redio, kisha dashibodi, kisha chini kwenye miguu yake. Akaziona nyaya. Akazishika, akazifuata kwa vidole mpaka mwisho, zilipokatikia hewani.

Redio alielewa. Sijawahi kumwona amenyamaza. Akaaga kwa mkono, akaondoka.

Baba akazima diski. Akaniuliza, "Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu, Baba."

"Na wateja?"

"Nilikuwa nabadilisha rizista."

"Zote?"

"Zote. Mpaka ulipoanza kumimina gundi."

Akatikisa kichwa kama mtu anayehesabu. Kisha akasema, "Na yeye?"

Macho yangu yakaenda ukutani. Akatoka garini, akaenda ukutani, akaibandua barua yako polepole isichanike, akanipa. "Mwulize kama alizisikiliza," akasema.

Tangu siku hiyo hajaingia karakana. Anakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mikono iko mapajani. Mwalimu nimemmalizia gari lake mimi. Hakutaka nukta, hajui habari za nukta.

Dada yako

18 Julai

Dada, shikamoo. Msalimie Shangazi na mtoto.

Humu ndani kuna bahasha ya Baba, nimeifunga. Nakuambia kilichomo ili usiwe na wasiwasi wa kumpa. Nimemwandikia kwamba nilizipima wiki ileile zilipofika na kwamba mstari ulikuwa mbaya. Nimemwandikia kwamba nilijua ni mbaya nilipoandika kuwa ni mzuri.

Alichouliza ni kama nilizisikiliza. Nilipoandika ile barua nilikuwa sijazisikiliza. Niliona mstari nikatosheka. Jumapili iliyopita nimekopa gari la mwenzangu wa kazini, nikatoa spika zake, nikafunga za Baba kama alivyozituma, waya na yote. Nikaweka nyimbo alizokuwa anapiga karakana tulipokuwa wadogo. Besi ilikuwa nzuri, kavu, ile yake ambayo haiburuzi. Lakini kila mwimbaji alikuwa amesimama kwenye kioo cha kushoto, na kila herufi kali ilikuwa kama sindano. Nilijizuia kupunguza sauti. Nikaziba sikio la kushoto, nikaegemeza kichwa upande ule, nikajaribu kuupata wimbo kama anavyoupata yeye. Mwenzangu alikuja kugonga kioo kuniuliza kama gari lina tatizo. Hayo yote nimemwandikia.

Hukunilaumu. Ningependa ungenilaumu.

Nimeomba likizo wiki ya mwisho ya Agosti na nimepewa. Nataka kuja. Mwulize kama nije.

Mdogo wako

9 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko salama. Shangazi amehamia kwetu kwa muda, anasema amekuja kunisaidia, kwa hiyo kazi imeongezeka.

Bahasha nilimpa Baba pale kwenye ngazi. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akakaa mpaka jua likahama upande ule. Kisha akanyanyuka akaingia karakana. Nilidhani amekwenda kufunga. Nilimkuta ameshika patasi na nyundo ndogo, anabanja gundi kwenye kisanduku kimoja cha mteja kilichokuwa kimebaki. Amefanya hivyo kila siku tangu hapo. Anaipasha gundi moto kidogo, anaibanja, anaitoa vipandevipande bila kugusa kapasita zilizomo ndani. Kazi ya macho na mikono, na hiyo hakuna anayemfikia.

Amesema niandike mimi kwa sababu mikono yake imejaa gundi. Maneno yake ni haya, nimeyaandika anavyoyasema:

"Barua yako nimeisoma. Ungeniambia Machi ningeacha Machi. Sasa kuna magari yanazunguka mjini yanachoma watu masikio na nukta yangu iko juu ya vifuniko. Ninyi mmefanya kwa huruma, mimi nimefanya kwa kiburi, na aliyekaa kwenye gari hajali ni kipi. Yote yatarudishwa. Likizo yako usije. Ukija tutakaa sebuleni, utaongea, nami nitaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayengoja uondoke. Sitaki unione hivyo kwanza. Ulipoondoka nilikuwa nakusikia, na nilikuwa nakujibu. Niandikie. Maandishi nayapata yote. Hizo spika zako usiziguse mpaka dada yako akutumie visanduku vingine."

Nilipofika mwisho nilimwonyesha karatasi aisome. Nikamwonyesha kwa kidole pale penye "usije," nikamwuliza kama niache hivyohivyo. Akasema, "Acha hivyohivyo." Nikamwuliza tena, nikidhani hakunisikia. Akasema, "Nimekusikia."

Kile kikopo cha rangi nyekundu amekiweka upande wangu wa benchi. Sijakifungua. Kwa daktari wa masikio amekubali kwenda, ila baada ya magari kuisha, na mimi nimeacha kubishana.

Gari la kwanza kurudi ni la Redio, Jumamosi tarehe 15, saa tatu asubuhi. Nitakaa kwenye kiti cha dereva nisikilize. Baba amesema yeye atashika taa.

Dada yako